Jante ya Kapita

Juzi kule mtaani Birere niliona jante, chuma cha gurudumu la gari, imetundikwa mlangoni pa fundi wa pikipiki, mkono ukaniwasha.

Nilipokuwa mtoto, tulipokimbia vita hadi kambi ya Mugunga, mama alipata kazi ya kuwapikia watoto wa kambi uji. Yeye na wamama wenzake walilipwa kwa saa. Kila saa ilipotimia, kapita wao, msimamizi wa kazi, muzee aliyenukia tumbaku, aligonga jante iliyoning'inia kwenye nguzo, na wamama wakashangilia: "Moya imeingia!" Mimi nikaelewa kwamba mlio ule ndio unaoleta pesa.

Mama alikuwa ameniahidi sandali masaa yakiwa mengi. Basi mchana mmoja kapita aliposinzia, nikaokota jiwe jeusi la volkano, nikapanda juu ya bidoni la maji, nikagonga. Nikagonga tena na tena, mpaka masikio yakaziba.

Mama akatoka mbio kwenye moshi, mwiko mkononi. "We mutoto, unafanya nini?"

"Ninakuongezea masaa, mama!"

Wamama walicheka mpaka uji ukaanza kuungua. Kapita alipotokea, mama akanivuta nyuma yake; watu walifukuzwa kazi kwa madogo kuliko hayo. Muzee akaitazama jante, akalitazama jua.

"Kama masaa yote hii imepita," akasema, "basi ni usiku. Mama, peleka mutoto alale."

Leo nami nalipwa kwa saa, hotelini kando ya ziwa, na najua saa hulipwa na mgongo, si mlio. Hata hivyo pale Birere niliokota jiwe, nikagonga mara moja.

Fundi akainua kichwa, akanitazama. "Mama, kuko nini?"

"Hakuna, papa. Ninamuongezea mama yangu saa moja."