Mvua ya Vijiti

Mjukuu wangu wa kwanza, yule anayefanya kazi benki Kampala, alishuka hapa Lunyo msimu huu wa mvua na hata chai hakungoja. "Nyanya, kumbikumbi wametoka?" Nilicheka mpaka kitambaa kikanianguka kichwani. Mtoto amesoma mpaka vitabu vimeisha, halafu anaacha soseji za mjini kuja kutafuta wadudu!

Akanieleza kwamba huko kwao watu wazima siku hizi wanachagua. Wanauliza chakula kimetoka wapi, kimepigwa dawa gani, kimeharibu ardhi ya nani. Ng'ombe anataka nchi nzima ya majani, akasema, lakini kumbikumbi hataki kitu.

"Anataka mlango wangu," nikamjibu. "Ameshautafuna nusu."

Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Hayo ndiyo ninayowaambia wa ofisini, nyanya. Ukweli ni kwamba nikiwanusa tu kumbikumbi pale sokoni Kampala, tayari niko hapa."

Basi akanivuta na mimi, rafiki yangu, nikarudi hadi utotoni, enzi sina meno ya mbele.

Mvua ikikatika mchana na ardhi ikaanza kutoa mvuke, mama aliacha kazi aliyokuwa nayo. Alichukua blanketi, nasi tukajua. Kichuguu kilikuwa nyuma ya nyumba, kirefu kuliko mimi, na kila mtu alijua ni cha nani kama anavyojua mke ni wa nani. Mama alisimika fito, akafunika kuwe giza, akaacha upenyo mmoja wa mwanga na chungu chini yake. Sisi tukakaa na vijiti tukipiga gogo, ta-ta-ta, ta-ta-ta, polepole kama matone, maana kumbikumbi akisikia hivyo anadhani kunanyesha. Ukiharakisha, mama anakuzaba kofi: "Hiyo ni mvua ya mawe! Nani atatoka?"

Wakatoka, jamani. Mabawa yanang'aa, yanachakarisha kama hariri. Tuliwala wabichi, mabawa yakitunasa midomoni. Waliobaki walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, na ugali wa wimbi. Kabla chungu hakijajaa, mama alifunua blanketi. "Wengine waende. Asiyeacha mbegu atakula hadithi."

Niliolewa, nikarudi kwa mama, naye alipokufa kichuguu kikabaki changu. Ndicho mwanangu wa mwisho anachotaka kukivunja. Udongo wake ni wa matofali mazuri, na nyumba yake imechakaa, inavuja, anataka kujenga upya. Watoto wanahamisha mikeka kila mvua. Siwezi kumwita mjinga.

Walivutana mbele yangu, mjomba na mpwa.

"Wewe unakula mara moja kwa mwaka unarudi kwenye geti lako," mwanangu alimwambia. "Mimi nalala na mabeseni."

"Mjomba, ukikivunja, watoto wako watakula nini msimu huu?"

"Watakula chochote, lakini wakiwa wakavu!"

Wakanigeukia, kwa sababu ardhi ni yangu. Nikasema kichuguu hakiguswi. Mwanangu akate mikaratusi yangu, ile niliyoitunza kwa ajili ya matanga yangu, aiuze anunue matofali. Mkinizika, mtajua wenyewe. Alinuna. Lakini mchana ule mpwa wake alipoanza kupiga gogo kama ngoma ya harusi, uvumilivu ulimwisha, akamnyang'anya vijiti akapiga yeye.

Walitoka wachache. Tuliwala.

Zamani tukipiga hapa, boma la jirani nalo linapiga, na ng'ambo ya bonde wanapiga, mpaka ungedhani mvua inatembea kwa miguu kuelekea Sikuda. Niliwaambia wanyamaze kidogo nisikilize. Hakuna boma lililoitikia. Vichuguu vya kule vyote vimevunjwa, sasa vimesimama kama nyumba za matofali, nzuri kabisa, mabati yanawaka kwa jua.