Ndoo Isiyopokelewa

Miaka ile ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mafundi rangi wa Tukuyu walinicheka kwa sababu ya ndoo. Walikuwa wanaume watupu, mwanamke nilikuwa peke yangu, kwa hiyo cha kucheka hawakukikosa. Lakini ndoo ndiyo iliyowamaliza mbavu. "Dada, umembeba mtoto humo?" mmoja aliniuliza mbele ya duka la vifaa, watu wote wakisikia. Nikamwambia nimebeba akili, na kama zake zimemwisha aje na kopo nimpimie kidogo. Sikuwa mtu wa kunyamaza, na mpaka leo siko hivyo.

Nilichobeba hasa kilikuwa thina, yale maji makali ya kuzimulia rangi na kuoshea brashi. Hadithi ya kwa nini niliibeba kwa heshima kubwa namna ile sikumsimulia yule bwana, maana ilikuwa bado inaniuma.

Rangi nilijifunza kwenye karakana ya shirika moja la umma. Niliingia kama mfagizi, nikawa msaidizi wa fundi, mwisho nikawa fundi. Shirika lilipolegea tukapunguzwa, na jina langu lilikuwa juu kabisa kwenye orodha, nadhani kwa ajili ya mdomo wangu. Nilirudi nyumbani na brashi mbili na hasira. Bahati nzuri mambo yalikuwa yameanza kufunguka. Rafu za maduka, ambazo kwa miaka tulizizoea tupu, zikajaa makopo ya rangi na vanishi. Wenye chai na wenye ndizi waliezua nyasi wakaweka bati, na aliyeweka bati hakukubali mlango mkavu. Alitaka mlango unaong'aa, jirani auone akiwa bado barabarani.

Thina dukani ilipimwa kutoka kwenye pipa, unakuja na chombo chako. Wengi tulikuja na chupa ya soda, kizibo chake gunzi la hindi. Wengine walikuja na kidumu ambacho jana yake kilikuwa na maziwa. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo, sitajitakasa hapa. Chupa yangu niliizungushia matambara, nikaitia kwenye kikapu, nikafunika kikapu kwa jani la mgomba kwa sababu ya mvua, na mvua kwetu haihitaji maelezo.

Hivyo ndivyo nilivyofika Kyimo kwa mwalimu mmoja mstaafu. Binti yake alikuwa anakuja kuposwa, na mwalimu alitaka milango na madirisha yote yapakwe kabla ya wageni. Aliishi na mama yake mzazi, bibi mfupi, mkakamavu, aliyeongoza nyumba ile kwa kidevu tu. Akikielekeza kidevu mahali, mtu anakwenda.

Kwetu mgeni haachwi asimame mlangoni na mzigo. Mwenye nyumba anaupokea, na ukishapokelewa unakwenda jikoni, kwa sababu mzigo wa mgeni ni ndizi, ni maziwa, ni unga, na vitu hivyo mahali pake ni jikoni. Wala hachungulii. Kufunua kikapu cha mgeni mbele yake ni kukosa adabu.

"Kalibu, mwanangu. Leta mzigo," bibi aliniambia, mikono yote miwili ameinyoosha.

Nami, mtoto wa huko huko, niliyelelewa vizuri, nikapiga goti kidogo nikampa kikapu kwa mikono miwili.

"Ndaga fijo," akasema. Asante sana.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa adabu zangu zote. Asante ile ilikuwa ya zawadi. Ningeweza kusema, bibi, hiki ni kifaa cha kazi. Sikusema. Nilikuwa na brashi na msasa kwapani, kichwani nina madirisha, nikazunguka nyuma ya nyumba nikaanza kukwangua.

Baadaye nikarudi kuitafuta thina. Jiko lilikuwa kibanda peke yake uani, na kabla sijafika mlangoni nikasikia harufu. Gunzi lilikuwa limelowa na kulegea, chupa imelala, thina imevujia kwenye matambara. Kikapu kilikuwa kimewekwa kwa heshima karibu na mafiga, umbali wa mkono tu. Na bibi alikuwa amepiga magoti mbele ya makaa ya asubuhi, amefukua majivu, anainama apulize.

Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Nikakinyakua kikapu miguuni pake, nikakimbia nacho, nikakitupa katikati ya uwanja kwenye mvua.

Bibi akatoka. Alichokiona ni mgeni aliyetoa zawadi, akashukuriwa, halafu akairudia na kuitupa matopeni. Nilijaribu kueleza, lakini maneno yalitoka vipande vipande: thina, moto, thina. Neno lenyewe hakulijua. Akaingia ndani, akafunga mlango. Jioni mwalimu aliniambia, kwa upole ulioniumiza zaidi, kwamba kazi isimame kwanza mpaka mama atulie.

Hakutulia. Siku ya soko habari zilikuwa zimenitangulia. Mimi nilikuwa yule fundi anayetoa kwa mkono wa kulia na kupokonya kwa wa kushoto. Nyumba mbili za Lufingo zilizokuwa zimeniahidi kazi zikasema zitafikiria. Nilielewa vizuri kabisa: bibi yule asiponipokea tena, hakuna jiko Rungwe litakalonipokea, na fundi asiyepokelewa nyumbani kwa watu hana kazi. Lakini lililonikosesha usingizi halikuwa hilo. Ni kwamba bibi alikuwa na hasira na mimi kwa sababu bado alikuwa hai, na hakujua.

Nilijikasirikia siku tatu. Ya nne nikatengeneza ndoo.

Ilikuwa ndoo ya bati iliyokuja na rangi, yenye mfuniko wa kukaza. Chupa ya soda niliitupa, nikatafuta kopo halisi la thina la lita moja, lenye kizibo chake cha kusokota. Kopo nililisimamisha katikati ya ndoo, nikashindilia pande zote vile vijiwe vyepesi vya mlima wetu, tunavyosugulia visigino. Kikitoka kitone, vijiwe vinakinywa. Kopo sikulijaza mpaka shingoni, maana jua likiwaka thina hutanuka, na sikubeba zaidi ya kazi ya siku moja. Ndoo nikaipaka nyekundu, nikachora fuvu na mwali wa moto ili asiyesoma naye asome. Kwenye pikapu niliifunga nyuma kabisa, wima, mbali na wenye sigara. Dereva aliitikisa, akainusa, akasema panda.

Ilibaki adabu. Ndoo hii asiipokee mtu, lakini ukimnyima mwenye nyumba mzigo wako umemtukana. Nililizungusha jambo hilo kichwani kama mtu anayetafuta sindano, kumbe jibu lilikuwa shambani kwangu. Nikakata mkungu mdogo wa ndizi. Mkungu kichwani wa kupokelewa, ndoo mkononi isiyopokelewa.

Nilirudi Kyimo zikiwa zimebaki siku chache wageni waje. Mlangoni hakutokea mtu. Nilijua yumo, moshi ulikuwa unatoka jikoni. Niliita "Mugonile", salamu ya kwetu, mara tatu, na mara ya tatu sauti yangu ilikuwa ndogo sana kwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Mwalimu akatoka, akaniomba radhi kwa macho. Nikamwambia sikuja kupaka rangi. Naomba mama atoke asimame mlangoni tu, asisogee hata hatua moja, hata akitaka kunifukuza.

Bibi akatoka, hakuangalia ndizi.

Nilifanya kitu ambacho simshauri mtu akifanye. Katikati ya uwanja, mbali na kila kitu, mkungu ukiwa bado kichwani, niliweka bamba la jiwe, nikamimina thina ya kujaa kizibo cha soda. Ndoo nikairudisha mbali, nikaifunga. Nikachukua mwanzi mrefu wenye nyasi zinazowaka nchani, nikausogeza taratibu. Moto haukungoja nyasi ziguse. Uliruka wenyewe, ukasimama juu ya jiwe kwa mlio, halafu ukaisha.

"Ndiyo ilikuwa kwenye kikapu, bibi," nikasema. "Siyo kizibo, chupa nzima. Nilipaswa kukwambia nilipokupa. Kosa ni langu."

Alilitazama jiwe, akautazama mlango wa jiko lake, akarudi kwenye jiwe.

"Na mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi," akasema.

Nikalia pale pale, mbele ya mwalimu, na sikuona haya. Bibi hakulia. Aliupokea mkungu kichwani kwangu kwa mikono miwili, akaupeleka jikoni, na mimi nikapaka madirisha mpaka giza likaninyang'anya brashi.

Yule bwana wa kuniuliza kama nimebeba mtoto alikuja kwangu baadaye kuuliza mfuniko ule unaokaza nimeupata wapi. Nilimwonyesha. Nilimsema kwanza, halafu nikamwonyesha. Baada yake wakaja wengine, na ndoo nyekundu zikaonekana mpaka Ikuti. Najivunia zile ndoo kuliko mlango wowote niliowahi kuupaka, maana milango inafubaa.

Asubuhi ya posa mwalimu aliniita nirekebishe fremu moja iliyokwaruzwa. Uwanja ulikuwa umejaa wanawake waliokuja kupika. Mmoja wao, mgeni kwenye nyumba ile, alinikimbilia kwa adabu zote, akanitua mkungu, halafu akanyoosha mkono kwenye ndoo.

"Hiyo haipokelewi!" bibi alipaza sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, na kila mtu akageuka.

Akaja mwenyewe, akanipita, akanielekeza kwa kidevu. Nyuma ya nyumba, upande usio na jiko, chini ya upenu, palikuwa pamefagiliwa. Bamba lile la jiwe lilikuwa limehamishiwa hapo, limeoshwa.

"Weka hapo, fundi," akasema.

Kabla ya siku ile aliniita mwanangu, kama alivyomwita kila mtu.