Kikombe cha Kwanza kwa Chausiku

Bi Kauthar ana maduka Kariakoo na Darajani, na akitua Guangzhou, China, watu husogea kama mfalme kashuka. Anayetaka mzigo wake upenyezwe kwenye kontena, mwenye kesi na mwenzake, mwenye posa, wote huja kukunja miguu sebuleni kwake. Lakini wajuao hawaanzii sebuleni. Huanzia jikoni, kwa Chausiku.

Chausiku alikuja kupika tu, mjane wa Mbagala, kuwapikia wafanyabiashara wali na mchuzi wa nazi. Hakuna aliyemtazama. Mbeba sinia hana masikio, ndivyo wanavyodhani wenye kula. Na kilichompandisha wala si akili nyingi. Ni ugonjwa wa Bi Kauthar: hajui kukataa. Muuzaji akimsifia mtandio wake tu, keshanunua.

Siku moja walikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa, Chausiku kachukuliwa kubeba mifuko. Muuzaji anashusha jora juu ya jora, Bi Kauthar anacheka huku jasho linamtoka. Chausiku mabega yanamuuma. Akaropoka: "Bu yao!" Hatutaki. Ndilo neno la kwanza analojifunza kila mgeni wa masoko yale.

Muuzaji akanywea. Nje, Bi Kauthar akamshika mkono. "Mwanangu Chausiku, kuanzia leo kataa wewe. Mimi nitacheka."

Basi akakataa. Akakataa vitambaa, akakataa mizigo ya watu, akakataa mpaka waliomposa Hasna, mpwa wa Bi Kauthar. Kila aliyekataliwa alitoka akisema, "Bi Mkubwa hana neno, tatizo ni lile jitu lake la jikoni." Kesho yake analiletea lile jitu halua. Chausiku aliila halua, matusi akayameza pamoja nayo, na bila mtu kumtangaza popote akawa ndiye mlango wa nyumba ile.

Mlango nao huchoka kugongwa. Magoti yalimlilia, usiku aliota anafukuza watu asiowajua. Lakini kazi angeiachaje? Kibali chake cha kuishi China kilikuwa mgongoni mwa kampuni ya Bi Kauthar, na kilikuwa kinakaribia kwisha. Bi Mkubwa asipomwombea kingine, ni ndege mpaka Dar, na Mbagala midomo inayomtegemea imejaa nyumba nzima.

Sasa, huku biashara haianzi bila chai, na chai ina adabu zake: kikombe cha kwanza ni cha mkubwa. Mama Lin, muuzaji wa vitambaa vya mabaibui, miaka yote alikiweka mbele ya Bi Kauthar. Wiki ile hakukiweka. Alimimina, akatabasamu, akakisogeza kwa Chausiku.

Na Chausiku, koo kavu, miguu imevimba, akagonga meza kwa vidole viwili kushukuru kama wenyeji, akanywa.

Kilipofika nusu ndipo akaiona mikono ya Bi Kauthar imetulia mapajani.

"Ala! Bi Mkubwa, hiki chako..."

"Kunywa tu, mama. Ushakionja."

Teksi ilipokaribia nyumbani Bi Kauthar akasema, "Kesho nitatoka na Hasna. Wewe pumzisha miguu."

"Nimekukosea, Bi Mkubwa?"

"Nani kasema? Wenye maduka wenyewe wanamjua bosi." Akacheka. Kilikuwa kicheko kile kile alichowachekea watu wakati Chausiku akiwatoa nje.

Asubuhi wakaondoka. Saa tano simu ikalia. Hasna ananong'ona.

"Bi Chau, nakufa! Shangazi kashakubali mzigo wa duka zima, na huyu muuzaji anashusha mwingine. Mimi nikisema bu yao wananicheka, wanasema mtoto mzuri."

Chausiku alikaa kitandani. Angejibu "sijui", jioni Bi Kauthar angerudi na majora ya kufunika Kariakoo, na kesho angemgongea mwenyewe, kwa upole, na kibali kingepatikana. Lilikuwa jambo la kukaa kimya tu. Halafu angeamka tena, afukuze tena, atukanwe tena.

"Bi Chau? Upo?"

"Umeshika mkoba wa pesa wa shangazi yako?"

"Ninao."

"Usimtazame usoni, utamwonea huruma. Toka nao nje. Usikimbie, usigeuke."

Zikasikika hatua, pikipiki, kelele za wachukuzi. Kisha Hasna akapiga ukelele wa furaha. "Anakuja! Bi Chau, kaacha kila kitu, anakuja!"

"Haya. Sasa unajua kukataa."

Akakata simu. Akatia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akatumbukiza miguu, na kutoka pale alipokaa akaanza kuanua nguo zake kwenye kamba ya chumbani, moja moja, akizikunja mapajani kwa safari ya Dar.