Ujira wa Fundi Unakaa kwa Mpika Ugali

Saa tatu asubuhi, Nyamongo. Okumu Oduol anavua miwani yake ya kuchomelea na kurudi nyuma hatua mbili. Karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu aliyoitengeneza kwa siku nne, inanguruma. Pia inatetemeka.

"Fundi, hii ina malaria," anasema mwenye karasha, mzee Matiko. "Silipi."

Kwa Okumu, mwenye miaka arobaini na minne, neno hilo ni zito. Mashine yake ya kuchomelea aliichukua kwa kulipa kidogo kidogo. Imebaki Sh130,000, na leo ndiyo siku ya mwisho. Akikosa, aliyemuuzia anaichukua. Ujira wa karasha hii ni Sh150,000.

Mwaka jana alifanya kazi tatu bila malipo. "Unaambiwa subiri, mwamba haujatoa dhahabu," anaeleza. "Mwamba ukitoa, mtu humwoni."

Matiko naye ana kidonda chake. Alimlipa fundi mmoja fedha zote kabla ya kazi. Kesho yake ikasikika dhahabu imeonekana kilima kingine. Fundi akaondoka na umati, hajarudi hadi leo.

Ndiyo maana safari hii walipatana mapema. Matiko alinunua vyuma mwenyewe. Ujira akauweka kwa Naomi Mogesi, mama ntilie wa jirani, ambaye wote wawili wanakula kwake. Fedha haitoki mpaka karasha isage mfuko mzima wa mawe bila kusimama, watatu hao wakitazama.

"Mimi sichukui hata shilingi," anasema Naomi. "Nataka tu waendelee kula hapa bila kurushiana sahani."

Naomi anaitwa. Anafika akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mzee. Mfuko umeshasagwa?"

"Marahaba. Usagwe vipi? Huyu Mjaluo ana maneno mengi kuliko nati."

"Mzee, umeiweka juu ya mchanga wa marudio," Okumu anajibu, akionyesha mabaki laini ya mawe yaliyokwisha kusagwa. "Hata wewe ukisimama pale utatetemeka."

Wachimbaji sita waliokuwa wakinywa chai wanaihamisha hadi kwenye ardhi ngumu. Mfuko unamiminwa. Karasha inasaga kwa dakika arobaini. Okumu anatazama miguu ya karasha, Matiko anatazama mkanda.

Jiwe la mwisho linakwisha. Miguu haijasogea.

"Mzee, una neno?" anauliza Naomi.

"Sina. Mpe mtu haki yake."

Okumu anahesabu, anapumua, kisha anacheka peke yake. Kabla ya saa sita deni limelipwa, na mashine ya kuchomelea ni mali yake.

Sasa anakusudia kwenda Robanda, ambako ameahidiwa kazi ya kutengeneza mageti ya kambi za watalii. Yeye hawafahamu wenye kazi hiyo, nao hawamfahamu.

"Nikifika sitaanza na bei," anasema. "Nitauliza kwanza, hapa nyote mnakula kwa nani?"