Machungwa Yaliyoanguka Mabichi

Pu! Chungwa bichi lilianguka usiku juu ya mabati yetu, na Baba akasema gizani, "Ni yeye tena."

Yeye alikuwa ndugu yake, jirani yetu huko nje ya mji wa Wote. Tangu ukame uanze, Baba aliamini ndugu yake ameiroga michungwa yetu, na jina lake hakulitaja tena.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa likizoni kutoka chuoni. Kesho yake nilimsindikiza Baba ofisini kwa Bwana Shamba. Baba aliweka machungwa matatu mezani, akakunja mikono.

"Kuna mtu ananirogea miti."

Bwana Shamba alichunguza kikonyo, akatabasamu. "Mzee, mchawi mwenye akili angengoja yaive. Mama nyumbani haweki ndizi mbivu katikati ya mbichi?"

"Huweka. Zinaiva haraka."

"Ile mbivu inatoa gesi, inaitwa ethilini. Mti nao ukikosa maji huitoa. Inalegeza vikonyo, matunda yanaanguka, mti unabaki hai."

Hadi leo naukumbuka mchungwa ule, uliojua cha kuachilia ili uishi. Sisi tulikuwa tumeachilia ndugu.

"Na ya jirani, yanaanguka?" Bwana Shamba aliuliza.

Baba alikunjua mikono. "Yanaanguka zaidi kuliko yangu."

"Basi nipe jina lake. Nitakuja niwafundishe nyote kufunika mashina kwa nyasi."

Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mutua," alisema. "Andika Mutua. Ni ndugu yangu."