Diski Kumi na Mbili za Hospitali ya Uzazi

Fundi wa kompyuta wa hospitali ya uzazi walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kuwaza mpaka chai ipoe. Zilipoletwa seva tatu mpya na diski kumi na mbili, alizipanga mezani akashinda akizitazama, mikono nyuma.

Mganga mkuu akachungulia mlangoni. "Bado tu? Zigawe nne nne, zote uzifunge namna moja, tupate nafasi kubwa. Basi."

"Kazi za seva hizi hazifanani, Daktari. Hii ni ya kusafishia picha za ultrasound tu. Nitaipa diski mbili zigawane kazi, iende mbio. Moja ikifa, vyote vimekwenda, lakini picha zenyewe ziko kwingine, tunarudia. Hii ya kutunzia picha itachukua sita. Hata zikifa mbili kwa mpigo, zilizobaki zinarudisha kila kitu."

"Na nne zilizobaki?"

"Za daftari la watoto wanaozaliwa hapa. Zitakwenda jozi jozi. Kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa na kwa mwenzake papo hapo."

"Yaani nusu ya nafasi tunaitupa."

"Hatuitupi. Inalinda ile nusu nyingine."

Mganga mkuu akaguna, akaenda zake. Kwa anayemjua, mguno ule ulikuwa ruhusa.

Bibi Faili, karani aliyetunza madaftari ya watoto na wazazi wao miaka thelathini, hakuiamini mashine hata chembe. Alipoambiwa ayaingize madaftari ya zamani kwenye kompyuta, alikuja na mto wake wa kukalia, akavaa miwani, akaanza kugonga herufi kwa kidole kimoja. Kila akiondoka aliuliza, "Wanangu wamelala salama?"

"Wamelala, Bibi. Kila mmoja ana vitanda viwili."

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, taa nyekundu ikawaka kwenye seva ya daftari. Diski moja imekufa. Taratibu aliikimbilia, ingawa alijua alivyopanga. Akachomoa ile mbovu, akachomeka ya akiba aliyokuwa ameinunua baadaye, akakaa kuitazama taa yake ikipepesa huku mwenzake akiimiminia yote aliyokuwa nayo. Seva haikuzimwa hata dakika moja. Chumba cha pili Bibi Faili aligonga herufi zake, hana habari.

Kunakili kulipokwisha, saa tisa, alikwenda kumwambia.

"Imekufa? Na niliyoandika leo?"

"Yapo yote, Bibi. Hebu tazama."

Bibi Faili hakukitazama kioo cha kompyuta. Alivua miwani, akaishika mapajani. "Kaa kwanza, mwanangu."

Akamgeuzia daftari kuukuu lenye kurasa zilizogeuka rangi ya chai, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mtoto wa kike. Amezaliwa alfajiri. Ameishi siku mbili. Jina la mama lilikuwa la mkewe Taratibu, na la baba lilikuwa lake halisi.

Ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili. Pale kazini hakuwahi kumgusia mtu.

"Nimemwandika leo," Bibi Faili akasema. "Sikutaka uje umkute peke yako."

Bibi Faili akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo zilizokauka. Akamweleza yote, kuanzia ile taa nyekundu, maana hakujua aanzie wapi kwingine. Mkewe alisikiliza, shati mkononi.

"Uzito wake wameandika?"

"Wameandika. Kilo mbili na gramu mia moja."

"Na mia moja," mkewe akasema. Alitabasamu huku machozi yakimtoka. "Mimi miaka yote nasema kilo mbili. Kumbe mwanangu nampunja."

Akasogeza rundo la nguo, akampa nafasi ya kukaa.