Mrija wa Ngollo

Ndugu wasomaji, natangaza rasmi: mwaka 1975, nikiwa kidato cha pili, niliunda na kuongoza idara ya usalama ya kijiji chetu kizima kule Goweko.

Idara ilikuwa na mtumishi mmoja. Alikuwa na miaka sita na bado anakojoa kitandani.

Huyo ni mdogo wangu, Ngollo.

Ngollo alikuwa hasikii vizuri. Ukisimama mbele yake ukapaza sauti, anakujibu. Ukimwita kwa nyuma, unaongea na shati. Mwalimu wake alisema ni jeuri, akaitibu jeuri hiyo kwa fimbo muhula mzima.

Mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alimpandisha treni hadi hospitali ya Kitete. Mimi nilikuwa nasoma bweni pale pale Tabora mjini, tumefunga shule kwa likizo ya Juni, nikapewa cheo cha mbeba kikapu.

Daktari wa masikio alisema nyuma ya ngoma ya sikio kumejaa ute mzito kama mlenda. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakatoboa kitundu, wakaunyonya ule ute, wakaacha katika kila sikio mrija mdogo kuliko punje ya ulezi ili hewa ipite.

Masharti: maji yasiingie masikioni. Akioga, azibwe kwa pamba yenye mafuta. Bwawani asikanyage.

Kwenye treni Ngollo alilia njia nzima. Si maumivu. Kelele.

Nyumbani akauliza ni nani anayekwaruza. Ilikuwa Mama anafagia uani. Miaka sita, hajawahi kusikia ufagio. Mama akaendelea kufagia pale pale, mahali palipokwisha kuwa safi zamani.

Mimi, badala ya kushukuru, nikaanza kuchonga uongo.

Watoto wa jirani walitaka kujua kuna nini humo masikioni. Nikavaa uso wa mkuu wa shule, nikawaambia ni chombo cha serikali. Anasikia hadi kilomita tatu, na kila Jumamosi anaripoti Tabora nani katega kazi ya kijiji.

Kesho yake banda la kuchambua tumbaku lilijaa. Watu waliokuwa wanaumwa mgongo tangu uhuru walipona wote kwa pamoja.

Akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mayala. Akanivuta nyuma ya choo.

"Silasi mwanangu, hicho chombo kinasikia na ya mwaka jana?"

"Ya kabla ya operesheni ya masikio hakisikii, mzee."

Akashusha pumzi. Jioni akanipa kwa siri mayai sita, ya masikio ya mtoto. Wengine wakaleta karanga. Masikio hayali karanga. Nilirudi shuleni nimenenepa.

Desemba nikaja tena likizo. Uongo wangu ulikuwa haujaenda likizo.

Ngollo alikuwa anacheza peke yake. Akikaribia, watoto wanatawanyika. Hata akina mama kisimani wananyamaza mpaka apite. Yaani sisi tumemfungulia masikio, na kijiji kimefunga mdomo.

Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho zikawa kumi.

Asubuhi moja akanijia, kiganja amekifumba.

"Kaka, chombo kimetoka."

Kweli, mrija ulikuwa umelala juu ya kipande cha pamba.

"Nani kakitoa?"

"Jana niliingia bwawani. Walisema nikizamisha kichwa mpaka chombo kife, watacheza na mimi."

"Wakacheza?"

"Kidogo."

Akaenda kumwonyesha Mama.

Mama alikuwa ameshausikia ule uvumi, ila hakujua aliyeuanzisha ni nani. Akasema watoto wametumwa na mtu mzima, na mtu mzima anayekiogopa chombo kuliko wote ni Mayala. Akaenda kwake na mchi mkononi. Mzee wa watu akaapa mpaka akakaukiwa mate, na ili kusafisha jina lake akapanda treni pamoja nasi kumrudisha Ngollo Kitete. Safari nzima Mama aliushika ule mchi. Mimi nilihesabu miti dirishani.

Hospitalini, nesi Flavia alipochukua tu taa ndogo ya kuchungulia masikio, nikavunjika.

Nikatapika yote: chombo, kilomita tatu, ripoti za Jumamosi, mayai, karanga. Nikasema kama mdogo wangu amekuwa kiziwi tena, mkosaji ni mimi. Kidato cha pili mzima, kamasi mpaka kidevuni.

Nesi aliniacha nimalize. Kisha akachungulia sikio, bila haraka.

"Mrija huu hutoka wenyewe," akasema. "Miezi sita, mwaka, ngoma ikipona inausukuma nje. Bwawa lilikuwa kosa, lakini sikio ni kavu, zima kabisa."

Nikatamani kuyameza maneno yangu yote, moja moja.

Mama akanitazama. Mzee Mayala naye akanitazama.

"Mayai yangu," akasema polepole.

Nesi akataka kupima usikivu. Ngollo ageukie ukuta, mtu asimame mbali nyuma yake, anong'one, naye arudie alichosikia. Nikajitolea haraka, maana niliona upenyo. Nikarudi hatua tano, nikanong'ona kwa pumzi tu.

Ngollo akarudia kwa sauti safi, kwa chumba kizima:

"Ngollo, habari ya jogoo usiseme."

Nesi akaandika kwenye karatasi kwamba mtoto anasikia vizuri sana.

"Jogoo gani?" akauliza Mzee Mayala.

Ndugu wasomaji, funzo ni fupi. Ute wa sikioni una daktari wake, uvumi hauna. Siku zote zilizobaki za likizo ile nilizunguka nyumba kwa nyumba nimemshika Ngollo mkono, nikijitangaza kuwa mimi ni mwongo, mpaka watoto walipoanza kumwita tena wacheze.

Lakini kituo cha kwanza kilikuwa chumba kile kile cha hospitali, mbele ya Mama, nilipomjibu Mzee Mayala:

"Ndiyo, mzee. Jogoo wako yule mwekundu, mwenye mkia mrefu. Nilimla mimi. Ngollo nilimpa paja moja."